Blanketi la Baba Mkwe

Shoga zangu, tangu nirudi hamjaniacha nikakaa sawasawa kwenye cherehani yangu. Huyu analeta kitambaa cha kushona kumbe anataka habari, yule anarudisha bakuli ambalo sikumuazima kumbe naye anataka habari. Kila mmoja nimempa kipande chake, halafu mnakutana mnaunganisha, mnapata safari ambayo mimi sikuisafiri. Jana nimesikia eti nilifukuzwa hospitalini na baba mkwe. Basi naandika yote mwanzo mpaka mwisho, msomeane, na anayetaka kubishana aje na kitambaa cha kweli.

Mnajua mume wangu Yusufu ni Mnyakyusa wa Kinyala, huko Rungwe, na kabla hajanioa aliitwa Ambakisye. Baba yake, Mzee Asegelile, ni mzee wa kanisa. Aliposikia mwanawe amesilimu na kuoa Tanga, alisema neno moja tu: huyo mke simjui. Tangu siku hiyo salamu zake zilikuja kwa mwanawe, zikaja kwa wajukuu, kwangu hazikufika hata moja. Nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Ndipo wifi yangu Atupele, dada yake Yusufu anayekaa Tukuyu mjini, alipopiga simu shuleni kwa mume wangu, wakatuletea habari nyumbani. Mzee amelazwa Igogwe, tumbo limemkaba, daktari anataka kumpasua, na mwenyewe amekataa. Anasema hapasuliwi mpaka amalize neno lake na mwanawe. Na mwanawe yuko wapi? Yuko kitandani Tanga, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, baada ya kumkwepa mbuzi kwa baiskeli na kulikuta kalavati. Tukatazamana. Hakukuwa na mwingine wa kwenda ila mimi, mke asiyejulikana.

Sasa nieleze kidogo kichwa cha mume wangu, maana bila hicho hamtaelewa kilichotokea. Yusufu alifundisha siasa miaka mingi. Lilipokuja hili la vyama vingi somo likabadilishwa, akapewa kufundisha uraia, lakini maneno ya chuoni aliondoka nayo. Kwake watu ni mafungu mawili. Kuna wa uyakinifu, wanaosema vitu kwanza, mawazo baadaye, kitu kipo au hakipo. Na kuna wa udhanifu, wanaosema kila jambo linaanzia moyoni. Mimi aliniweka udhanifu tangu wiki ya kwanza, kwa sababu nilimwambia kila tendo ni nia yake. Yeye, bila shaka, ni uyakinifu mtupu. Nikimwuliza, "Na Mungu je, umemweka fungu gani?" hukohoa, akatafuta miwani. Ijumaa anakwenda msikitini nikimkumbusha, na kilichomo kifuani mwake sikuwahi kukijua.

Siku ya kuondoka nikamwuliza, "Kwenu kuna adabu gani niziangalie nisije nikakuaibisha?"

"Nenda tu, Mwanaidi," akasema. "Mambo ya zamani yalikwisha."

Mtu wa uyakinifu huyo. Alidhani kwa kuwa yeye ameacha kuyafikiri, hayapo tena.

Chalinze, na sukari yangu

Nilibeba sukari na sabuni za mche. Msicheke. Mimi na ninyi tulipanga foleni pamoja miaka ile ya shida, na akili yangu bado iko kwenye foleni. Nikaona siwezi kwenda ukweni mikono mitupu, nikafunga mzigo mzito kama maiti, nikaushusha Chalinze na kuupandisha tena kwenye basi la Mbeya, jasho likinitoka, nikijiona mkwe wa maana sana.

Basi lenyewe halikuondoka mpaka mwenye basi aliporidhika kwamba hakuna tena mtu wa kuongeza. Jirani yangu kitini alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Kyela, mama mnene mwenye sauti, anaitwa Mama Anyelwisye. Kabla ya Morogoro alikuwa ameshajua ninakotoka, ninaposhona, na kwamba mume wangu alianguka kwa sababu ya mbuzi. Nikamwambia naenda kusimama mbele ya baba mkwe, tuonane uso kwa uso, tuyamalize.

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

"Uso kwa uso na mkwe wa Kinyakyusa! Haya, dada, nenda."

Nikamwuliza kuna nini cha kuchekesha, akafuta machozi na kunipa yai la kuchemsha. Nikaudhika. Nikajua ananicheka baibui langu, kwamba Mswahili wa pwani anakwenda kuomba upendo kwa mzee wa kanisa. Yai nililila hata hivyo, na lilikuwa zuri.

Mlima Kitonga

Kitonga basi lilichoka. Tulikuwa tumeshapanda nusu ya mlima, moshi ukaanza kutoka mbele, dereva akakanyaga breki, na gari likaanza kurudi nyuma polepole. Chini ni bonde, juu ni ukuta wa mawe. Kila mtu alimwita Mungu wake kwa lugha yake. Mimi nilitoa shahada mara ngapi sijui.

Mwishowe breki zikashika, tukashuka. Kijana mmoja mwenye Biblia kubwa akatuita tushikane mikono tuombe ili injini ipone. Wengi wakashikana. Mama Anyelwisye alikuwa ameshafika kando ya barabara, ameinamia jiwe kubwa, analisukumiza nyuma ya tairi.

"Mama, njoo kwenye maombi!" kijana akamwita.

"Naomba, baba, naomba," akajibu akihema. "Lakini naomba nikiwa nimeshika jiwe. Na wewe shika lako, tutasikilizwa haraka."

Nikaenda kumsaidia. Tukabeba mawe sisi wawili, mikono ikatuchubuka, na nyuma yetu watu wanaimba vizuri mno. Injini ilipopoa na kujazwa maji, ikawaka, kijana akapiga kelele za shangwe kwamba ni maombi. Fundi wa gari akasema ni maji. Wakabishana hadi Iringa, nusu ya basi huku, nusu kule, na mimi nikamkumbuka Yusufu, jinsi ambavyo angefurahi kuwagawa mafungu.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza Mama Anyelwisye.

"Mimi naona tumepanda," akasema, akalala.

Usiku wa Makambako siusimulii, ulikuwa baridi tupu.

Uyole hadi Tukuyu

Uyole niliagana na yule mama, aliyekuwa anaendelea na basi hadi Mbeya mjini, kwa kukumbatiana kama ndugu. Nikapata lori lililokuwa linakwenda Tukuyu kuchukua ndizi, dereva akaniweka mbele pamoja na sukari yangu. Nilikuwa nasikia tu kwamba kwao Yusufu ni kijani. Sikujua kwamba kijani kinaweza kuwa kingi namna ile. Migomba, chai, viazi, migomba tena, na ukungu unaingia mpaka ndani ya lori. Nilitetemeka, meno yakigongana, na dereva, ambaye alikuwa kifua wazi, akaniuliza kama ninaumwa.

Wifi Atupele nilimkuta sokoni kwenye biashara yake ya mitumba. Hatukuwahi kuonana, lakini alinijua kwa baibui, akaruka juu ya rundo lake la nguo, akanikumbatia mbele za watu. "Wifi yangu! Wifi yangu mwenyewe!" Kisha akaushika mkono wangu, akaona ulivyo wa baridi, akachomoa koti kubwa la kiume, sijui la Mzungu gani, akanivisha na kulifunga vifungo mwenyewe. Koti lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Nililivaa safari nzima na ndilo hilo mnaloliona ukutani.

Tulipofika kwake nikafungua mzigo wangu wa zawadi kwa majivuno, Atupele akanipeleka dirishani. Kando ya barabara kulikuwa na maduka, na kila duka sukari imerundikwa mpaka mlangoni. "Siku hizi ruksa, wifi," akasema kwa upole. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini sukari ile aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, akasema, "Ndaga," yaani asante, na hakuna aliyewahi kunishukuru vile.

Chakula kilikuwa ndizi zilizopikwa na maziwa mpaka zikalainika. Nikala kidogo kwa adabu, nikiacha nafasi ya wali. Wali haukuja. Vyombo vikaondolewa, mkono ukanawishwa, na mimi na njaa yangu tukatazamana. Siku ya pili nilikula bila kungoja mtu.

Siku hiyo ya pili pia paliletwa kuku. Nikamtazama yule kuku, nikaanza kutafuta namna ya kukataa bila kuumiza, maana nyumba ni ya Wakristo. Atupele akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida, "Kachinja Mzee Salumu wa dukani, nilimpelekea asubuhi." Alitembea na kuku hai mkononi, kwenye mvua, kwa ajili ya dini isiyo yake. Namshukuru Mungu kwa wifi huyo hadi leo.

Igogwe

Siku iliyofuata tulikwenda Igogwe. Mzee alikuwa amezidiwa, na daktari alikuwa ameshasema kwamba siku zinapita, akingoja sana hata upasuaji hautasaidia. Mimi nilikuwa nayapanga maneno yangu: mwanao anakuomba radhi, bado ni mwanao, na mimi pia nakuomba unijue.

Tulipofika Atupele akakutana na muuguzi mlangoni, wakasimama kuzungumza habari za dawa. Mimi sikungoja. Mnanijua, moyo ukishaamka miguu haisubiri. Nikaingia wodini na bakuli la uji nililomletea, nikauliza kitanda cha Mzee Asegelile, mgonjwa mmoja akaninyoshea kidole. Nikamwona mtu mrefu, amelala chali, blanketi la kijivu limefika kiunoni, uso upande wa pili.

"Shikamoo, baba," nikasema kwa sauti. "Ni mimi Mwanaidi, mke wa Ambakisye. Nimetoka Tanga kuja kukuona."

Mkono wake ulishtuka kana kwamba umeguswa na moto. Akalishika blanketi, akalivuta kwa nguvu zake zote chache, akajifunika gubigubi, kichwa na vyote. Kisha akajigeuza ukutani, na kwa kujigeuza akaugua kwa maumivu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anamlisha mgonjwa wake akaacha kijiko hewani. Mwingine akaja mbio, akanishika koti, akanivuta nje huku akisema maneno ya Kinyakyusa nisiyoyaelewa. Bakuli likabaki sakafuni.

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikalia. Sikulia kistaarabu. Nililia kama mtu aliyepigwa. Nikasema moyoni, Mwanaidi, umesafiri nchi nzima, umebeba mawe Kitonga, kuja kufunikiwa blanketi. Amekuchukia kiasi kwamba yuko tayari kuumia kuliko kukuona. Na atakufa hivyo, na Yusufu hatakusamehe, hata akisema amekusamehe. Nilikasirika pia, siwafichi. Nilikasirikia kanisa lake, na msikiti wangu, na kila kitu ambacho watu wanakiamini mpaka wanashindwa kutazamana.

Atupele akanikuta hapo. Nikamwambia nipeleke stendi, narudi kwetu. Yeye machozi yanamtoka, lakini anacheka.

"Wifi, kwani Ambakisye hakukwambia?"

"Kaniambia mambo ya zamani yamekwisha."

"Mjinga yule!" Akakaa, akanishika magoti. "Sikiliza. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hata kidogo. Mama yangu akikutana na babu njiani alikuwa anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mimi mwanawe naingia, muuguzi anaingia, wauza maziwa wanaingia, baba anawatazama wote. Wewe je? Miaka yote anasema hakujui. Leo angekuangalia usoni na kukujibu salamu, ungekuwa mgeni kama wageni wengine. Amejifunika. Mbele ya wodi nzima, wifi! Watu wote mle ndani wamejua sasa kwamba baba ana mkwe."

Nikafikiria lile blanketi. Hakuna sheria ya serikali, hakuna ukuta, hakuna kitu cha kushika kwa mkono kilichomzuia mzee yule kugeuza shingo. Ni jambo lililoko vichwani mwa watu tu, na bado lilimfanya mgonjwa wa tumbo ajipinde kitandani kwa maumivu. Nikataka sana Yusufu awepo anieleze hilo liko fungu gani.

Nyuma ya pazia

Muuguzi akatuletea lile pazia la fremu wanalozungushia wagonjwa, akalisimamisha kando ya kitanda. Mimi nikakaa upande mmoja kwenye kigoda, mzee upande wa pili, Atupele katikati. Hata kusemezana moja kwa moja haifai. Mzee anamwambia Atupele, Atupele ananiambia mimi, ingawa sote tunasikia kila kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo, yenye kukatika, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake, kila z ikitoka s.

"Mwulise," akasema, "mwanangu huko aliko, anaamini? Au alichukua jina tu, ili aoe?"

Nikaelewa kwamba hilo ndilo neno lenyewe alilokuwa amelibeba miaka yote. Nikaogopa. Nikisema anaamini sana, nimempasulia mzee moyo kabla daktari hajampasua tumbo, kwamba mwanawe ametoka kabisa kanisani. Nikisema ni jina tu, nimemwambia umezaa mnafiki, na ndoa yangu ni uongo. Na ukweli ni kwamba sikujua. Mtu akohoaye kila ukimtajia Mungu utajuaje?

"Wifi, anangoja," Atupele akanong'ona.

Nikasema, "Mwambie baba kifua cha mtu sikioni. Naweza kusema nilichosikia tu. Kila chakula nikikiweka mbele yake, Yusufu husema Bismillahi, kwa sauti, ili mimi na watoto tusikie. Lakini kabla ya hapo huinama kidogo akasema neno lingine, taratibu, peke yake. Nilidhani ni kugugumia tu. Juzi kwa Atupele ndipo nikajua maana yake, maana nusu ya neno hilo niliambiwa niliposhusha sukari. Husema, Ndaga, Tata. Hata alipovunjika mguu, walipomaliza kumfunga na kumletea uji, alisema hivyo."

Atupele hakurudia. Hakukuwa na haja. Nyuma ya pazia nikasikia pumzi za mtu anayelia bila kutaka kusikika.

"Ni mimi niliyemfundisha," akasema mwishowe. "Asante, Baba. Mesani kwangu, akiwa mdogo." Akapumzika. "Mwambie mkwe wangu hivi. Jina, mtu anawesa kubadili. Maneno ya kitabuni, anawesa kubishana nayo. Lakini mtu hashukuru waso lake mwenyewe. Anayeshukuru, yuko Anayemshukuru. Basi mwanangu anaye."

Mkwe wangu. Mlisikia? Alisema mkwe wangu.

Kisha akasema kwa sauti ya kuamuru, kama mzee wa kanisa sasa, "Mwite daktari. Niko tayari."

Alipasuliwa kesho yake. Tulikaa nje, Atupele na wenzake wa kanisani wakiimba chini chini, mimi nikivuta tasbihi ndani ya lile koti la Mzungu. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe anaomba nini. Daktari alipotoka akasema mzee ni mgumu, ataishi.

Kinyala

Niliondoka Rungwe mzee akiwa ameshapelekwa nyumbani Kinyala. Siku zangu za mwisho nilikaa kwa Atupele mjini, lakini nilipanda huko mara kadhaa kumpikia. Napika jikoni, Atupele anapeleka, sahani zinarudi zikiwa safi. Mara moja nilitia nazi niliyoipata kwa shida sokoni Tukuyu, ikarudi imeguswa tu, na ujumbe kwamba mkwe asisumbuke na mafuta ya nywele. Nilicheka peke yangu jikoni.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kuaga wanawake wa nyumba ile. Nilikuwa nashuka njia ya kisimani, migomba huku na huku, nikasikia fimbo inagonga udongo na mtu anakohoa mbele kwenye kona. Sikufikiri. Mguu ulitoka njiani wenyewe. Nikaingia kwenye migomba, nikachuchumaa na kuipa njia mgongo, kanga kichwani, uso kwenye majani yenye maji.

Hatua zikaja taratibu. Zilipofika nyuma yangu zikasimama. Alikuwa ananijua, koti lile halifichiki. Nikasikia anavyohema kwa kupanda kilima, mtu aliyepasuliwa juzi. Kisha akasema, si kwangu, aliiambia migomba:

"Yusufu mguu ukipona, aje. Aje na mke wake, wakae."

Yusufu, alisema. Si Ambakisye.

Fimbo ikaanza tena kugonga, ikapanda, ikapotea. Mimi nilibaki nimechuchumaa mlemle, magoti yamelowa, nikilia kwa furaha, nikasema Alhamdulillahi, nikasema na Ndaga, Tata. Nimepokewa ukweni, shoga zangu, na uso wa baba mkwe wangu siujui hadi leo.